Kontena Lenye Alama ya Pangaboi

Napiga picha treni. Wenzangu waliostaafu wamefuga kuku, mmoja amefungua banda la kuchaji simu, mwingine anashinda kwenye bao. Mimi napiga picha treni, hasa za mizigo, maana treni ya abiria ina watu ndani, na watu wakiona simu imeelekezwa kwao wanakunja uso kama unawadai.

Nilifanya kazi ya gengi kwenye reli hii ya kati, kipande cha Tabora kwenda Bukene na mbele kidogo. Gengi ni wale wanaotembea juu ya reli na nyundo na spana, wanakaza bolti, wanabadilisha mataruma yanayolala chini ya reli, wanarudisha kokoto mahali pake mvua ikizihamisha. Treni ikija unaruka pembeni, unasimama, unatazama magurudumu. Ndivyo tulivyofundishwa, tazama magurudumu, ukiona moja linatoa moshi umwonyeshe kwa mkono gadi, yule msimamizi wa treni anayekaa behewa la mwisho. Basi miaka yote ile nilitazama magurudumu, na juu yake kumebebwa nini sikuwahi kuuliza. Nilipostaafu, binti yangu anayekaa Mtendeni akanipa simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni, nikaanza kutazama juu.

Kuna sababu nyingine ya aibu kidogo, lakini nitaisema. Shule niliishia darasa la tatu. Kusoma nasoma, ila taratibu, na maandishi ya kwenye behewa hayanisubiri. Yanapita. Picha inanisubiri. Nikirudi nyumbani naikuza kwa vidole viwili, nasoma herufi moja moja, nisichokielewa nampelekea mwingine anisomee. Hivyo nimejua mbolea inatoka wapi, saruji inakwenda wapi, na kwamba kuna behewa moja limeandikwa kitu cha matusi ambacho watu wa reli wameshindwa kukifuta. Hilo sitalieleza.

Nyumba yangu iko karibu na stesheni ya Bukene, mbali na reli kiasi cha kutupa jiwe mara tatu. Mke wangu alishatangulia. Nilikuwa nakaa na mwanangu wa kiume na mke wake. Wakati haya yanatokea mwanangu alikuwa na miaka thelathini na miwili, ana ndoa ya mwaka mmoja na nusu, hawajapata mtoto, na kazi ya kueleweka hana. Alikuwa analima kidogo, anabeba mizigo sokoni, anangoja. Ni mtu wa kimya na wa usafi. Hata jembe anaosha.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Mbele huko, kabla ya kufika Isaka, maji yakala tuta la reli, treni za mizigo zikakwama. Moja ikafika kwetu ikakuta hakuna njia. Njia ya pembeni pale stesheni ni fupi, wakaacha mabehewa matatu yenye makontena, mengine wakayarudisha Tabora. Makontena yale yalikuwa ya kahawia, yamefungwa lakiri, hayana mlio wala harufu. Nami nikayapiga picha, kama kawaida.

Siku ya pili akaja wakala wa mizigo na gari kutoka Shinyanga. Kijana wa mjini, miwani ya jua, viatu vyeupe kwenye tope letu. Anatafuta mlinzi mwaminifu wa kukaa na makontena mpaka njia itengenezwe. Watu wa stesheni wakamwambia yupo mtoto wa mzee wa gengi. Akamwita mwanangu, akamtazama, akamkubali, akampa kizibao cha kung'aa na filimbi. Akamwambia kabisa mbele yangu: akilinda vizuri mpaka mzigo uondoke, atamchukua moja kwa moja kwenye yadi yake Isaka, kazi ya kudumu. Siku ile mwanangu alikula ugali huku anatabasamu. Sikuwa nimeona hilo tangu harusi.

Kabla wakala hajapanda gari alinikuta nimeinua simu. Akasema, "Mzee wangu, mzigo haupigwi picha." Alisema kwa adabu, shikamoo alishatoa. Lakini neno lile lilinikaa. Nimepiga picha ng'ombe, mbao, matrekta, vifaru vya jeshi sijapiga maana nina akili, lakini hakuna aliyewahi kunikataza kupiga picha kontena. Kontena ni bati. Bati lina siri gani?

Basi nikarudi nyumbani nikazitazama zile za siku ya kwanza. Nikazikuza moja moja. Kontena la mbele, namba tu. La kati, namba. La nyuma, pale chini kwenye mlango, kumepakwa rangi ya kahawia juu ya rangi nyingine, na mvua na jua vimeibandua ile ya juu, ndani yake kunachungulia njano. Kwenye ile njano kuna duara dogo jeusi na mapanga matatu meusi yanalizunguka, kama pangaboi la kwenye dari.

Alama ile naijua. Kuna mwaka nilivunjika mbavu, taruma liliteleza likanipiga, nikapelekwa hospitali moja Tabora mjini kupigwa picha ya kifua. Mlangoni pa chumba kile palikuwa na alama hiyo hiyo. Nilikaa kwenye benchi mbele yake asubuhi nzima, ningeweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Akapita mama mmoja mjamzito, nesi akamfukuza pale kama anafukuza mbuzi kwenye mahindi. Nikamwuliza nesi kuna nini humo. Akaniambia ni mionzi, haionekani, hainuki, inaingia mwilini na kuharibu uzazi. Nikamwuliza, na mimi je? Akasema wewe ni mara moja tu, na umri wako huo unaogopa nini.

Sasa mwanangu alikuwa ameegemeza kiti chake kwenye mlango wa kontena lile lile. La nyuma ndilo lenye kivuli.

Sikumwambia kitu kwanza. Nilitaka niwe na uhakika, maana nikisema na nikakosea nimemharibia. Nikapanda gari kwenda Tabora, nikafikia kwa binti yangu, na kesho yake nikaenda kwa yule mwenye duka la kusafisha picha pale Mtendeni. Ni Mhindi mzaliwa wa hapo, baba yake alinipiga picha ya kitambulisho changu cha kwanza cha kazi, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Tumezoeana. Kila nikienda ananiuliza, "Leo umeniletea kichwa cha treni au mkia?"

Nikamwonyesha. Akaivuta kwenye kompyuta yake, ikawa kubwa. Akasema ndiyo, hiyo ni ya mionzi. Akaandika andika pale akanifungulia picha za nchi za wenzetu. Jamani, nilikaa mle dukani mpaka adhuhuri. Kule wanazo treni zinazobeba fueli ya mitambo ya nyuklia, ile ambayo imeshatumika kuzalishia umeme lakini bado ina sumu kwa miaka ambayo mjukuu wa mjukuu hataiona mwisho wake. Imewekwa kwenye makasha ya chuma yenye unene wa mkono mzima. Na wapo watu, wazee kama mimi, wenye kofia na vikapu vya chai, wanasimama kwenye madaraja na mvua inanyesha, wanangoja treni hiyo ipite waipige picha. Akanionyesha picha zao. Nikaona wenzangu. Nilicheka, mpaka nilipotazama pembeni ya treni ile: vichwa viwili, mbele na nyuma, askari wenye silaha. Na hata wale wazee wamesimama mbali.

Nikamwuliza, je, sumu hiyo inaweza kuletwa kwetu ikazikwe? Akasema hajui, hajasikia, na uranium yetu wenyewe iko kusini kule, si upande huu. Halafu akasema neno ambalo najua alisema kwa wema tu: "Lakini mzee, nani atakuja kukuambia?"

Nikarudi Bukene na neno hilo. Kule askari na vichwa viwili. Huku mwanangu na filimbi.

Kuanzia hapo kila kitu nilikiona kwa jicho jingine. Mbuzi wa jirani walikuwa wanalala chini ya behewa, mmoja akatoa mimba. Mbuzi hutoa mimba kila masika, najua, lakini huyo nilimhesabu. Mwanangu akasema kichwa kinamuuma, nikamhesabia. Nikaona nyasi upande mmoja wa reli zimekauka, nikaenda kuzipiga picha, nikasahau kwamba upande huo ndio sisi wa gengi tulikuwa tunamwaga mafuta machafu miaka yote.

Hapo ndipo anapoingia mtani wangu, na nisipoeleza utani wenyewe hamtanielewa.

Huyu ni gadi wa treni, Mgogo. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu misafara, babu zetu walipokuwa wanapita Ugogo na mizigo mabegani kwenda pwani, na babu zao wanawatoza kwa maji ya kunywa. Njia ya reli imefuata nyayo zile zile, na maneno yamefuata reli. Yeye akiniona ananiita mpagazi, mimi namwita mwuza maji. Tumefanya hivyo miaka ishirini na zaidi. Mke wangu alipofariki alikuja, akalala chini mlangoni akazuia jeneza lisitoke, akasema mwanamke huyu hatoki mpaka nilipwe kuku aliyeniahidi mwaka ule. Akaigiza sauti yake, alivyokuwa ananigombeza juu ya matope ya viatu. Nilicheka siku ile mbele ya jeneza la mke wangu, na hakuna mtu mwingine duniani angeweza kunifanyia hivyo. Ndiyo kazi ya mtani. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, katika miaka hiyo yote sijui kama niliwahi kusikia neno moja la kweli kutoka kinywani mwake. Aliwahi kuniambia nimepandishwa cheo, nikaenda ofisini nimevaa tai.

Siku makontena yanaachwa, yeye ndiye alikuwa gadi. Akaniambia, "Mpagazi, nimewaletea mzigo. Safari hii wa wazungu, hata sisi Wagogo tumeukataa." Tukacheka. Baada ya safari yangu ya Tabora, kichekesho kile nilikirudia kichwani mara nyingi, na kila mara kilipungua kuchekesha.

Njia ilikuwa inatengenezwa, na yeye alikuwa anapita na treni ya kokoto kila baada ya siku moja. Nikamngoja. Nikamkuta anakunywa chai kwa mama muuza chapati pale stesheni, nikakaa, nikampa simu aitazame.

"Mtani," nikamwambia, "leo utani tuuweke kando. Humu ndani mna nini?"

Akaitazama picha, akanitazama mimi. "Gololi," akasema.

"Nimesema utani kando."

"Na mimi nimeuweka. Ni gololi za chuma, kubwa kama chungwa. Zinakwenda mgodini. Kule wanazitia kwenye pipa kubwa pamoja na mawe yenye dhahabu, pipa linazunguka, zinasaga mawe yanakuwa unga. Hiyo alama ni ya zamani. Kontena hilo liliwahi kuleta vipimo vya mgodini, vina kidonge cha mionzi ndani, vikatolewa, kontena likapakwa rangi. Nimeona karatasi za mzigo mimi mwenyewe."

Sasa wewe niambie. Makontena matatu ya gololi. Mtu aliyewahi kunivalisha tai. Nilimcheka usoni. Nikamwambia, kwa hiyo huko mgodini wamefungua chekechea. Nikamwambia aende akawadanganye Wagogo wenzake. Yeye hakucheka. Na kutocheka kwake ndiko kulikonimaliza, maana mtani wangu akitaka kukupiga ule utani mkubwa hasa, ndipo anapokuwa hana hata tabasamu. Nikaondoka pale nina hakika kwamba anajua kilichomo, ameambiwa anyamaze, na ameona njia rahisi ya kunyamaza ni kunipa utani.

Jioni nikamweleza mwanangu yote. Alama, nesi, picha za Mhindi, askari wa kule. Nikamwambia aache. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama nimemwuliza mtu. Nikamwambia nimemwuliza mtani, kasema gololi.

"Basi si kasema, baba."

"Kasema mtani."

"Baba, mimi miaka minne naamka asubuhi sina pa kwenda. Nikiacha hapa, yule bwana atachukua mwingine kesho, na mwingine huyo ndiye atakayekwenda Isaka."

Nikamwambia, na usipopata mtoto je? Hilo nilikosea kulisema. Mkamwana alikuwa uani anaosha vyombo, vyombo vikanyamaza. Mwanangu akainuka, akachukua kizibao chake kwenye kamba, akakikung'uta ingawa kilikuwa safi, akatoka kwenda lindoni.

Kwa hiyo nilifanya nililofanya. Mkamwana alikwenda kwao kusaidia kupalilia, kijiji kimoja upande wa Nzega, simu yake imebaki kwa fundi pale sokoni. Nilijua kwamba imebaki kwa fundi. Asubuhi yake nikaenda mbio mpaka kwenye kontena, na mbio zenyewe sikuigiza, pumzi yangu ni fupi siku hizi, nikamwambia mwanangu nimepata salamu, mkeo ameanguka shambani, hajitambui. Nenda. Mimi nitakaa hapa.

Rangi ilimtoka. Akanivua koti akanivalisha kizibao, akanifunga na zipu kama mtoto, akanipa filimbi, akadaka bodaboda. Nami nikakaa kwenye kiti. Nilikuwa nimepanga vizuri. Atafika kule atamkuta mzima, atakasirika, atalala huko. Kesho nitamwambia lindo la mchana nalifanya mimi, jina libaki lake, kazi ibaki yake, na sumu ije kwangu. Mbavu zangu zilishapigwa mionzi, na watoto nimeshazaa. Nikaona nimewashinda wote. Hata niliegemeza mgongo kwenye ule mlango kusudi.

Sikupata hata nusu siku. Saa sita hivi nikasikia honi. Kumbe njia imepona mapema, kichwa kimekuja kuchukua mabehewa, na mtani wangu ndiye gadi. Nyuma yake likaja gari la wakala. Kichwa kikarudi nyuma kuungana na mabehewa, kikagonga kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, na ndani ya kontena la kati kukasikika kishindo, halafu mngurumo mrefu kama radi ya mbali. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye mtaro.

Wakala akakimbia na koleo, akakata lakiri, akafungua mlango kidogo. Pipa limeanguka, kifuniko kimefunguka. Zikaanza kudondoka kwenye kokoto, moja, mbili, kumi. Gololi. Za chuma, nyeusi, kubwa kama chungwa. Moja ikabiringika mpaka nilipo. Nikaiokota, mkono ukashuka kwa uzito.

Mtani wangu alikuwa amesimama na bendera yake. Angeweza kuniambia lolote pale, alikuwa na haki ya kunicheka mpaka mvua zijazo. Yeye akazisukuma gololi kwa mguu zitoke kwenye reli.

Wakala aliposhafunga mlango na kutia lakiri mpya, akanitazama, akakitazama kizibao. "Mzee, mlinzi wangu yuko wapi?"

Nikaanza kusema mkewe mgonjwa. Nilianza kabisa, neno limeshatoka. Halafu nikaona nikiendelea, kijana huyu atampigia simu, na uongo wangu utakuwa umekuwa wa mwanangu. Nikasema ukweli. Nikasema nimemdanganya mimi, kwa sababu ya ile alama kule nyuma.

Alivua miwani. Kwa mara ya kwanza nikaona macho yake, yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hakunifokea. Alisema alikuwa amekusudia mwanangu apande na mzigo leo leo mpaka Isaka, chumba cha kulala kipo, kila kitu kipo. Akasema, "Treni ikiondoka hayupo, asinitafute. Sina ugomvi na wewe, mzee, lakini lindo limeachwa."

Nikampigia mwanangu. Alikuwa njiani bado, upepo unavuma kwenye simu.

"Rudi," nikamwambia. "Mkeo mzima."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikudanganya. Treni inaondoka na wewe unatakiwa uwemo."

Upepo ukavuma tu. Halafu nikamsikia anamwambia wa bodaboda, geuza.

Sasa kutoka alipofika mpaka Bukene, kwa barabara ile yenye tope, si safari ya dakika kumi. Dereva wa treni ameshapata ruhusa, anapiga honi. Nikamwendea mtani wangu. Sikujua nimwombeje, maana sisi hatujawahi kuombana, tumezoea kunyang'anyana. Nikasema tu, mwanangu yuko njiani. Akaikunja bendera yake.

"Breki zinataka kukaguliwa," akasema.

Akaanza. Wengi wenu hamjaona gadi anavyokagua breki, ni kazi ya kupita mara moja, unagusa bomba la upepo, unasikiliza, unapita. Yeye alizikagua kama bibi anayechambua mchele wa sikukuu. Bomba la kwanza akalifungua akalifunga. Akachuchumaa. Akarudi la kwanza. Dereva akateremka kuja kuuliza kuna nini, akaambiwa upepo unavuja mahali. Wapi? Ndiyo nautafuta. Stesheni masta akatoka na simu sikioni, Tabora wanauliza. Mtani akainua mkono bila kugeuka. Ile ni kazi yake, anaweza kuandikiwa barua kwa hilo, na amebakiza muda mfupi astaafu.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tuta na gololi mkononi. Na hapo, badala ya kuona haya tu, kichwa changu kikarudi kwenye kazi yake. Lililofunguliwa ni kontena la kati. Lenye alama ni la nyuma. La nyuma hakuna aliyelifungua.

Nikainuka nikamwendea wakala, nikamwomba alifungue na lile. Akasema lakiri hazifunguliwi kwa kumfurahisha mtu, hata hii moja itabidi aieleze. Jibu la maana kabisa. Lakini aliligeuzia mgongo lile kontena wakati anasema. Nikamfuata mtani aliyekuwa ameinama kwenye gurudumu la mwisho.

"Na hili je?"

Hakuinua kichwa. "Mimi nilikujibu pale kwenye chai," akasema. "Ukanicheka."

Bodaboda ikaja imejaa tope mpaka kwenye taa. Mwanangu akashuka. Hakumtazama wakala wala gadi, alikuja moja kwa moja kwangu. Akanyoosha mkono, nikadhani ananipiga, na angenipiga nisingemlaumu. Alikuwa anashika zipu ya kizibao. Akanivua, akakivaa, akachukua filimbi shingoni mwangu. Usoni alikuwa na michirizi safi katikati ya tope, kwa hiyo alilia njiani, ama wakati wa kwenda ama wa kurudi.

Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Lile la nyuma hawajalifungua."

"Najua."

"Behewa la gadi, utakamopanda, ndilo linalofuata. Utakuwa umekaa nalo ukuta kwa ukuta."

"Baba, nipishe."

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi ya behewa la gadi, ndiyo. Sikukusudia, au nilikusudia, sijui. Mkono wangu ulikuwa umeshika chuma. Dereva akapiga honi ndefu. Mtani wangu akasimama pembeni na bendera ya kijani imekunjwa, hakuifungua. Alikuwa ananingoja mimi. Nikauangalia mkono wangu mpaka ukaachia. Nikampisha. Akapanda, bendera ikafunguliwa, treni ikavuta.

Simu ilikuwa mfukoni na sikuipiga picha treni ile.

Kesho yake mchana mwanangu akanipigia kutoka Isaka. Nilikuwa sijala. Aliniambia amefika salama, ana kitanda, ana wenzake watatu pale yadini, na wakala amesema ataanza rasmi wiki ijayo. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Yeye akangoja nimalize. Halafu akasema, kabla sijauliza, kwamba makontena yote yamefunguliwa asubuhi, yote matatu, ni gololi tupu.

"Na la nyuma?"

"Na la nyuma. Ngoja nikutumie."

Picha ikaja. Mwanangu ndiye kaipiga, naona kivuli chake. Ni gololi chini kwenye saruji, nyingi, zimekusanywa vizuri kama anavyopanga vitu vyake. Nikaikuza kwa vidole viwili. Nikaenda pembe ya kushoto, nikaenda ya kulia, juu, chini. Ni gololi kweli. Kontena lenyewe halionekani, wala mlango, wala kipande cha njano. Zinaweza kuwa za kontena lolote. Na huyo aliyezipiga picha ni mtu ambaye jana yake tu alifundishwa na baba yake jinsi ya kumdanganya umpendaye ili atulie.

Simu ilikuwa bado haijakatwa.

"Umeiona?" akauliza.

"Nimeiona."

"Umeridhika?"

Nikamwambia nimeridhika. Nikasikia huko kwake lori linarudi nyuma. Akaniambia nikale.